ANKO TUAMBIE: Huyu Robin wa kwenye barafu ni wetu au sio wetu?

Mbukwenyi wasomaji. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dodoma, na meseji zenu wiki hii ni hiyo hiyo tu. Maswali ya zabibu na ya viwanja vyenye hati mbili nimeyaweka pembeni, yatarudi.

*Anko shikamoo. Mi fundi pikipiki huku Kizota. Jumamosi kijiweni jamaa katuonyesha klipu ya kaka mweusi anamrusha mdada wa kizungu juu ya barafu huku wote wanateleza, akasema huyo ni Mtanzania na amekuwa bingwa wa dunia mara tano. Nikamwambia acha fiksi bana, Mtanzania barafu anayoijua ni ya ubuyu. Tumewekeana kreti ya soda. Nani alipe?*
Fundi, Kizota

Marahaba mdogo wangu, andaa hela ya nusu kreti. Huyo kaka ni Robin Szolkowy, amezaliwa Julai 1979 mji wa Greifswald, enzi hizo ikiitwa Ujerumani Mashariki, baba yake Mtanzania na mama yake Mjerumani. Kwahiyo damu ipo, jamaa yako hajakudanganya hapo. Ila bendera aliyoibeba miaka yote ni ya Ujerumani, kakulia huko, barafu ya huko, makocha wa huko, sasa ukisema "Mtanzania kachukua ubingwa" unakuwa umewaibia watu jasho lao. Tumshangilie kama mtoto wa shangazi aliyefaulu mtihani mkoa mwingine, unafurahi lakini cheti huendi kukibandika ukutani kwako.

Na hizo mara tano ni kweli kabisa, ni ubingwa wa mchezo wa kuteleza kwenye barafu wawili wawili, mwanaume na mwanamke. 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Patna wake ni Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine, walianza pamoja 2003 kwenye mji wa Chemnitz chini ya kocha Ingo Steuer. Huo wa 2012 kule Nice waliupata kwa tofauti ya pointi 0.11, yani 201.49 kwa 201.38 za Warusi Volosozhar na Trankov. Hapo jaji mmoja tu akikohoa vibaya habari inabadilika. Mgawane hiyo soda, na mwambie jamaa yako asirudie kutamba.

*Kaka habari za kazi. Nimeiangalia hiyo klipu na wanangu mara kama kumi. Swali langu, huyo mwanaume kazi yake ni kumrusha tu mwenzie? Maana naona mdada ndo anazunguka ndo anatua ndo anaanguka, yeye amesimama tu anapunga mikono.*
Mama Wawili, Area C

Nzuri dada yangu. Hata mimi nilidhani hivo zamani, mpaka nikaanza kuangalia klipu hizi kwa kuzirudisha taratibu, na nakushauri ufanye hivo. Usimwangalie mdada, mwangalie kaka kuanzia kiunoni kushuka chini.

Chukua ule mtindo ambao mdada analala karibu na barafu anazungushwa kama pangaboi. Kaka amekunja magoti kama mtu anayetaka kukaa kwenye kigoda akaahirisha, kile chuma cha kiatu kina meno pale mbele, ndo ameyachomeka kwenye barafu yawe kama mhimili, na mkono mmoja tu ndo umemshika mwenzie, nywele za mdada zinakaribia kufagia chini. Akilegea goti mzunguko unakufa, akinyanyua mkono kidogo mdada anapanda na pointi zinashuka. Halafu kuna ule wa kumrusha juu ya kichwa, mdada anajizungusha hewani kalala kama mkeka uliokunjwa na kaka anamdaka kiunoni kabla hajagusa chini, hapo viwiko vya mdada vinashuka sawasawa na pua ya kaka, we fikiria mwenyewe. Na bado kuna kuruka sambamba kila mtu peke yake, hapo kaka anaruka mizunguko ileile kwa wakati uleule, na yeye akianguka pointi za wawili ndo zinakatwa.

Ushahidi upo. Olimpiki ya Sochi 2014, Robin na Aljona waliingia programu ndefu wakiwa wa pili (kila jozi inacheza mara mbili, fupi kwanza halafu ndefu, pointi zinajumlishwa). Robin akaanguka kwenye mruko wa sambamba. Mwishoni kabisa wakajaribu kumrusha Aljona kwa axel, yani mruko unaoanza ukiwa umetazama mbele, ya mizunguko mitatu na nusu, ambao ni mtindo wachache sana wamewahi kuugusa, na Aljona akaanguka. Wakatoka na shaba. Shaba ya pili hiyo, maana ya kwanza waliipata Olimpiki ya Vancouver 2010 walipozidiwa na Wachina, dhahabu na fedha zote zikaenda China. Mimi ile axel sikuipenda, kuwa mkweli, wangetulia fedha ingekuwa yao, lakini watu wenye mataji ya dunia wamefuata fedha kweli?

*Anko, nimesoma sehemu kwamba huyo Savchenko alikuja kupata dhahabu ya Olimpiki na mwanaume mwingine. Sasa huyo Robin si ndo alikuwa anamchelewesha?*
Mwanafunzi, UDOM

Acha uchonganishi wewe. Robin alistaafu baada ya ubingwa wa 2014, akaenda kwenye ukocha. Aljona akakataa kustaafu, akamchukua Mfaransa Bruno Massot, wakaanza upya kama watu wanaojenga nyumba ya pili baada ya kuuza ya kwanza. Ikabidi wasubiri chama cha mchezo huo cha Ufaransa kimwachie Bruno, halafu kwenye Olimpiki wote wawili lazima wawe raia wa nchi moja, na Bruno uraia wa Ujerumani aliupata mwishoni mwa 2017, Olimpiki ni Februari 2018! Hapo presha peke yake inatosha kumlaza mtu.

Kwenye Olimpiki hiyo, kule Pyeongchang Korea Kusini, wakaanza vibaya. Programu fupi Bruno alitakiwa aruke mizunguko mitatu akaruka miwili, wakawa wa nne. Kesho yake wakapiga programu ndefu ya pointi 159.31, rekodi ya dunia kwa wakati ule, jumla 235.90, Wachina Sui na Han 235.47. Aljona alikuwa na miaka 34 na ile ilikuwa Olimpiki yake ya tano. Ya kwanza alikwenda 2002 akiichezea Ukraine na patna mwingine kabisa, wakawa wa 15. Kwahiyo mdogo wangu, hiyo miaka 11 na Robin ndo iliyomfundisha kuvumilia, we unaita kucheleweshwa.

*Anko mwanangu ana miaka 9 ana viatu vya matairi anateleza kwenye lami ya mtaa wetu Jumapili asubuhi magari yakiwa machache. Huo mchezo wa wawili anaweza kuucheza hapa Dodoma?*
Baba Neema, Ipagala

Barafu hatuna baba Neema, uwanja wake ni mita 60 kwa 30 na kuugandisha kwa jua letu hili, kwa bili ya umeme ungeihama nyumba. Lakini huo huo mchezo wa wawili upo wa matairi pia, una mashindano yake ya dunia, kuinuana, kuzunguka, kila kitu. Cha kwanza mtafutie sakafu laini, lami inakula matairi na magoti. Cha pili helmeti. Mambo ya kumrusha mtu hewani muache kwanza mpaka apate kocha, na mdogo wake asimtumie kama patna, najua tayari ameshajaribu.