Binti yangu ana shindano lake la kwanza la kuogelea Jumamosi: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, kocha. Sisi ni familia ya Mombasa, sasa tunaishi Maryland, Marekani. Binti yangu wa miaka 8 amejiunga na timu ya bwawa la mtaani msimu huu wa kiangazi, na Jumamosi wanashindana na timu nyingine. Nimeletewa karatasi imejaa herufi na namba nisizozielewa. Tena nimepangiwa zamu ya kushika saa, na mimi mwenyewe kuogelea sijui. Jirani ameniambia mwaka jana mwanawe "alifutwa", akalia mpaka nyumbani. Nina mdogo wake wa miaka 3 na baba yao yuko safarini. Halafu nywele zake zimesukwa rasta. Nisaidie.

JIBU: Dada yangu, anzia kwenye hiyo karatasi, maana ndiyo itakayowaendesha asubuhi nzima. Tafuta jina la binti yako. Utakuta namba tatu zinazomhusu: ya mbio, ya kundi na ya njia, yaani sehemu ya bwawa iliyotengwa kwa kamba ambamo mtoto mmoja huogelea. Mbio moja, tuseme mtindo huru wa wasichana wa miaka 8 kushuka chini, mara nyingi huwa na watoto wengi kuliko njia za bwawa. Kwa hiyo wanagawanywa makundi na kila kundi linaingia majini kwa zamu. Hakuna mchujo wala fainali. Mtoto anaogelea mara moja, na muda wake unalinganishwa na wa wenzake wote. Ukiona NT (no time) pembeni ya jina lake, maana yake hajawahi kupimwa muda. Kila mtoto mpya huanza hivyo. Katie Ledecky, mwenye medali 9 za dhahabu za Olimpiki, alianzia kwenye ligi ya kiangazi ya Montgomery, hapo hapo Maryland, akiwa na miaka 6.

Nunua maka peni isiyotoka kwa maji, umchoree jedwali dogo mkononi: E (event) ni mbio, H (heat) ni kundi, L (lane) ni njia. Andika kabla hujampaka losheni ya jua, ukichelewa wino haushiki. Losheni ikishapakwa, ifute kwenye paji la uso na kuzunguka macho, la sivyo miwani itateleza akiruka.

Kosa linalowauma wazazi wapya kuliko yote ni mtoto kukosa mbio. Mwanangu mkubwa nilimtoa kwenda kununua maji katika shindano lake la kwanza, tukarudi tukakuta kundi lake linapanda kutoka majini. Mbio hazirudiwi. Alisimama na miwani yake usoni akiniangalia, na sura ile sijaisahau. Kila timu huwa na mzazi anayewapanga wadogo kwenye benchi kabla ya zamu yao. Mjue kwa sura mapema, na binti asitoke kwenye tenti la timu bila huyo kuambiwa, hata akienda chooni.

Sasa hilo la kufutwa. Kinachofutwa ni muda wa mbio ile moja tu; mbio zake nyingine zinabaki. Waamuzi wa mitindo husimama ukingoni, na akiona kosa mwamuzi huinua mkono juu, kisha huandika kwenye kikaratasi ni kosa gani. Kikaratasi hicho humfikia kocha, na mimi hukithamini sana, kwa sababu kinaniambia Jumatatu nifundishe nini.

Kwa umri wake makosa ni yale yale kila Jumamosi. Katika mtindo wa mgongo, mtoto anahisi ukuta uko karibu, anageuka kifudifudi kuutafuta, na hapo mbio imeharibika. Dawa yake ni zile bendera ndogo zilizotundikwa juu ya maji karibu na ukuta. Mwambie kocha amhesabie: tangu bendera zinapopita juu ya macho yake, mizunguko mingapi ya mikono mpaka ukutani? Kama ni mitano, basi ni mitano kila siku, na mtoto atamaliza chali bila woga. Nimewaona wadogo wakihesabu kwa sauti, maji yakiwaingia mdomoni, na wakafika sawasawa. Katika mtindo wa chura na wa kipepeo, lazima mikono yote miwili iguse ukuta kwa wakati mmoja. Mguso wa mkono mmoja unafuta mbio, hata kama alikuwa wa kwanza kwa mbali. Hilo mnaweza kulifanyia mazoezi hata nyumbani, kwenye ukuta wa sebule.

Mtindo huru una huruma zaidi, na hili wazazi wengi hawalijui. Mtoto akichoka anaruhusiwa kusimama chini akapumua, akashika na kamba ya njia, almuradi asitembee, asijisukume kwa miguu kutoka chini, wala asijivute kwa kamba. Mwambie kabla ya Jumamosi. Mtoto anayejua kwamba ana ruhusa ya kusimama, mara nyingi hasimami.

Akifutwa, usimwambie kwamba mwamuzi amemwonea. Mfunike, mpe maji, mwache alie akitaka, kisha mwende pamoja kwa kocha mkasome kikaratasi.

Kushika saa hakuhitaji kujua kuogelea. Utapewa maelekezo kabla ya kuanza. Anzisha saa kwa mwanga wa kifaa cha kuanzishia, usingoje mlio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mwisho wa pili wa bwawa la mita 25 itakufikia ikiwa imechelewa karibu sehemu 7 za mia za sekunde, na watoto hawa hupishana kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Mimi hubonyeza kwa kidole cha shahada, kwa kuwa dole gumba huchelewa. Mwogeleaji akikaribia, sogea mpaka ukingoni, inama utazame ukuta wenyewe, na usimamishe saa kiungo chochote cha mwili wake kinapogusa. Utalowa miguu, vaa ndala. Saa zikiwa tatu kwenye njia, unaotumika ni muda wa katikati. Saa yako ikigoma, inua mkono useme papo hapo. Usikisie.

Usilinganishe muda wa bwawa moja na jingine kabla hujauliza urefu. Mengine ni mita 25, mengine yadi 25, ambazo ni mita 22.86. Binti anaweza kuonekana amerudi nyuma kumbe bwawa ndilo refu.

Dada, hapa kwa mdogo wake naomba unisikilize vizuri. Nchini Marekani, kuzama ndiko kunakoua watoto wa miaka 1 hadi 4 kuliko sababu nyingine yoyote, na mtoto mdogo huzama kimya, bila kelele wala kurusha maji. Siku ya shindano watu wanazungukana, macho yote yako kwenye njia sita, na kila mtu anadhani mwenzake ndiye anayemtazama mtoto. Waokoaji wapo, lakini wewe utakuwa na saa mkononi. Tafuta mtu mmoja mzima, umwambie kwa jina lake: "Mtoto yuko nawe mpaka nirudi." Usipompata, iache zamu ya saa, omba kazi nyingine au mwache mdogo nyumbani kwa mtu unayemwamini. Hakuna kiongozi wa timu mwenye akili atakayekulaumu.

Rasta hazina tatizo. Toa shanga kama zipo. Zilowanishe kwa maji safi ya bomba na upake kondishena kidogo kabla ya kofia, maana nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi klorini nyingi. Kofia ya kawaida ikimbana, nunua kubwa. Mwaka 2021 shirikisho la kuogelea la dunia lilizikataa kofia za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele kama zetu, kisha Septemba 2022 likaziidhinisha. Iwapo mtu wa timu atakuuliza kuhusu kofia kubwa, una jibu.

Chakula kisikusumbue: uji au mkate asubuhi mapema, ndizi na tende kidogo kidogo, maji mengi. Mandazi yangoje mpaka mbio za mwisho. Beba taulo mbili na kanga mbili; taulo likilowa halikauki tena siku hiyo, kanga hukauka ukiitundika kwenye kiti. Ngurumo ikisikika wote watatolewa majini na kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kwa hiyo weka na sweta.

Miwani msiijaribu Jumamosi. Ijumaa jioni mbandike machoni bila kufunga mkanda, ubonyeze taratibu, uachie. Ikishika sekunde moja mbili kabla ya kudondoka, inamfaa. Ikidondoka hapo hapo, mtakuwa bado na muda wa kwenda dukani.