Re: Nyota fukara wa elementi nzito hupata wapi vumbi?

Ndugu, umeuliza nyota iliyozeeka inatoaje vumbi ilhali ilizaliwa na silikoni na chuma kiduchu. Kwa vumbi la silikati (lenye silikoni na oksijeni, kama mchanga) uko sahihi kabisa: hilo hupungua, kwani malighafi yake nyota hairithi ya kutosha wala haiitengenezi yenyewe.

Ila kaboni inajipikia. Heliamu huungana ndani kuwa kaboni, kisha mzunguko wa gesi huipandisha hadi juu. Huko kaboni na oksijeni hushikana kuwa monoksidi ya kaboni, molekuli sugu mno isiyoachia atomi zake zitengeneze vumbi, na kinachobaki ndicho kinachoamua aina ya vumbi. Kwa kuwa oksijeni ya kuzaliwa nayo ni haba, kaboni huizidi upesi. Yaani ufukara wenyewe unasaidia! Ziada hiyo huwa asetilini (gesi ya kaboni na hidrojeni), halafu, nyota inapodunda, yaani kutanuka na kusinyaa, na kurusha gesi juu ikapoa hadi kama kelvini 1,500, chembe za masizi huganda. Mwanga huzisukuma nje, nazo huburuta gesi.

Darubini ya anga za juu ya Spitzer iliona vumbi la namna hii hata kwenye galaksi kibete (ndogo) ya Sculptor, ambayo ni fukara hasa wa elementi nzito.