Arusha na Moshi na mtoto wa kiti mwendo: anza na choo

Dada uliyeuliza, umesema mnatoka Dar mwezi wa kumi na mbili, mko watano, mtoto wa miaka 9 anatumia kiti mwendo, mna wiki moja na hamtaki abaki chumbani wakati wenzake wanatembea. Nakujibu kama mama. Mwanangu ana miaka 11, alizaliwa na mgongo wazi, tunaishi Moshi, na sehemu nitakazozitaja ama tumemsukuma, ama tumembeba, ama tumegeuza gari tukarudi.

Usianze na mandhari, anza na choo. Mwaka jana tulilipia vyumba viwili sehemu moja Arusha baada ya kupiga simu na kuuliza kama kiti mwendo kinapita. Dada wa mapokezi akajibu, "Kinapita mama, hatuna ngazi." Kweli ngazi hazikuwepo. Ila mlango wa choo ulikuwa sentimita 58, na kiti cha mwanangu, ukihesabu na zile pete za kusukumia, ni 61. Siku mbili nzima baba yake akawa anambeba mpaka ndani. Mtoto mkubwa vile akibebwa chooni mbele ya binamu zake anaacha kunywa maji. Hakusema neno, mimi nikaja kugundua jioni kwamba chupa yake haijapungua. Kwa mtoto anayetolewa mkojo kwa mpira kila baada ya saa nne, kukaa bila maji ni kuikaribisha UTI.

Tangu siku hiyo siulizi tena "kinapita?" Naomba wanitumie kwa WhatsApp picha ya mlango wa choo ukiwa umepimwa kwa futi, na picha za njia yote, gari linaposimama mpaka kitandani. Angalia sana kokoto. Kokoto zilizomwagwa uani zinatesa kuliko ngazi mbili, maana magurudumu madogo ya mbele yanazama na kiti hakisogei. Wakikwambia kuna mteremko, uliza urefu wake: ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa karibu mita 1.8 ili mtu aweze kujisukuma mwenyewe. Na usiombe kwa unyonge. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, mtoto wako anadai haki yake.

Sasa pa kwenda. Kama mna siku moja tu ya kutumia pesa, ipelekeni Hifadhi ya Taifa Arusha, kwa sababu kule wote mnakaa. Utanielewa mkifika. Ukishapita geti la Ngurdoto unaingia uwanda wanaouita Serengeti Ndogo: twiga, pundamilia, nyati na ngiri wanaonekana mkiwa garini. Hata ile kasoko ya Ngurdoto haishukwi, kila mtu anaitazama kutoka ukingoni. Kwa saa nne mwanangu hakuachwa nyuma na mtu. Yeye ndiye aliyemwona mbega wa kwanza, ule mkia mweupe ukining'inia kwenye mti, na wakubwa wote wakawa wanamuuliza, "Wapi? Wapi?" Mbele kuna maziwa ya Momella, maji yake ya magadi, na flamingo wakiwepo ukingo mzima unageuka waridi.

Gari sasa. Wengi watakushauri Land Cruiser la kufungua paa. Paa lile ni la wanaosimama. Mtoto anayekaa anaona miguu ya shangazi zake. Sisi tulikwenda kiangazi na Noah: mlango wa kusukuma, sakafu iko chini, unamhamisha bila kumnyanyua kama gunia, na dirisha linamtosha. Desemba vuli ikiwa bado inanyesha, muulizeni dereva wa huko hali ya barabara za ndani kabla ya kuamua. Na mto wa kiti chake uhame naye, akalie huohuo garini. Kama hasikii vizuri sehemu za chini, mwinueni makalio kila nusu saa asipate vidonda vya kukaa, hata kama analalamika kwamba mnamzibia wanyama. Kwa sababu hiyo hiyo Ngorongoro kwa safari ya siku moja siwashauri. Tarangire inawezekana, lami ni ndefu na tembo ni wengi, ila ni siku nzima ya kukaa. Lala jirani kama mfuko unaruhusu.

Arusha mjini, nendeni Cultural Heritage, barabara ya Dodoma. Jengo la picha na vinyago lina sakafu inayopanda kwa kuzunguka badala ya ngazi. Ni ndefu, msukumeni kwa zamu, na kushuka mshikilie kiti kwa nyuma.

Chemka, ile chemchemi ya kuogelea, kila mtu atakutajia. Tulikwenda mara moja. Maji ni mazuri mno, ya kijani kibichi, yanakuonyesha mpaka chini. Lakini kutoka Boma Ng'ombe ni vumbi, na pale ukingoni ni mizizi na mawe, kiti hakifiki majini. Baba yake alimbeba mgongoni, akaelea kwenye tairi, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Usiku namwogesha nikaona kisigino cha kushoto kimechunika, upana wa shilingi mia, kimekwaruzwa na jiwe naye hakusikia. Kidonda kile kilipona baada ya wiki sita. Mkienda, avae soksi nzito na viatu vya kufunga humo humo majini, na mkague miguu kabla hamjaondoka.

Maporomoko ya Materuni yaacheni, njia ni ya mguu na inateleza. Ila kahawa ya huko Uru msiikose: kukoboa kwenye kinu na kukaanga kwenye chungu ni kazi za kukaa. Mwanangu alishika mchi mpaka mikono ikaota malengelenge.

Marangu lami inafika hadi geti la kupandia Mlima Kilimanjaro, na ubaridi wa msitu mnaukuta hapo hapo. Nilimsimulia pale juu ya Bernard Goosen, mtu wa Afrika Kusini mwenye utindio wa ubongo, aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa kiti mwendo mwaka 2003, siku tisa njiani. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Siku tisa, chooni alikuwa anaendaje?"

Kuhusu basi: Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani, kateni tiketi mapema na mdai siti ya mbele mlangoni, kwa sababu ule upenyo wa katikati hata mtu mzima anapita kwa ubavu. Basi likisimama watu wachimbe dawa, yeye hatashuka, kwa hiyo mtolee mkojo kabla ya kuondoka na mbebe shuka la kujizibia, maji na sabuni. Kiti kifunguliwe magurudumu mbele ya macho yenu na kiingie kwenye buti mwisho, juu ya mizigo. Chetu kilifika Moshi ekseli imepinda, na tarehe 24 fundi wa kuinyoosha ni wa kutafuta kwa tochi.