Muulize baharia alisikia wapi

Nilipoanza kuchunguza mashindano ya mashua hapa Lamu, nilikaa gatini na darubini, saa na daftari. Nikajua nani aligeuza tanga mara ngapi na kwa dakika ngapi. Kwa nini mashua moja iligeuza mapema kuliko zote, sikujua.

Nikaenda kuhoji, na hapo ndipo nilipokosea zaidi. Nahodha mmoja aliniambia, "Niliusikia upepo ukija." Nikaandika kwamba anautambua upepo kwa masikio. Nilipomrudia kumsomea, akatikisa kichwa. "Hapa, mwanangu," akasema, akigusa shingo. Alikuwa akizungumzia ngozi! Kwa Kiswahili tunasikia sauti, harufu, baridi na maumivu, vyote kwa kitenzi kimoja, nami niliyezaliwa nacho nikakipunguza kikawa cha masikio tu. Siku hizi mtu akiniambia alisikia, namuuliza: wapi mwilini?

Swali hilo limenipa mengi kuliko darubini. Mshika usukani husikia mtetemo wa kana, yaani mpini wa usukani, kiganjani. Anayeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, husikia uzito wake ukipungua. Aliyekaa kwenye ubao unaotokeza upande wa goshini, unakotoka upepo, huijua mashua inavyoinuka kwa mapaja yake, kabla macho hayajaona kitu.

Kwa hiyo, ukiweza, omba kupanda, lakini siku ya mazoezi. Siku ya mashindano utawaongezea uzito. Loïc Wacquant, msomi wa Ufaransa, alijiunga na klabu ya ngumi Chicago mwaka 1988, akafanya mazoezi humo zaidi ya miaka mitatu. Sisi wengine hatuna miaka hiyo, ila hata asubuhi chache zinatosha kukubadilishia maswali. Tenga tu kurasa mbili daftarini: mmoja wa mambo yako, mwingine wa mambo yao. Mimi nilisikia hofu palepale wenzangu waliposikia raha, na ningechanganya hizo mbili ningeharibu kazi yote. Andika kabla hujabadilisha nguo. Siku niliyotangulia kula, nusu ilinipotea.

Na urekodi sauti, simu ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nilimsikilizisha nahodha yule rekodi bila picha. Alifumba macho, tanga likapapatika kidogo, akainua kidole: "Hapo tulichelewa."

Nilirudia kutazama video ya dakika hiyo mara nne. Tanga lilionekana limejaa.