Uliza amevuliwaje, ndipo uulize bei

Tangu niweke picha ya samaki aina ya tasi wa kupaka tui niliowaandalia wakwe, jumbe hazikatiki. Wengi mnataka mapishi. Msomaji mmoja tu ndiye aliyeuliza swali nililokuwa nalisubiri: "Dada, ulijuaje samaki huyo hakupigwa baruti?" Basi leo namjibu yeye, mapishi yatafuata.

Kwa nini tasi kwanza? Siku hiyo hiyo shemeji yangu alitazama sinia akasema mbele ya wageni, "Mbona tasi, changu wameisha baharini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na neno hilo halijanitoka moyoni. Shemeji, chewa na changu wakubwa hukawia kukua, na sisi tunawang'ang'ania hao hao kila shughuli. Tasi anakula mwani na majani ya bahari, anakua upesi na anawahi kuzaa. Si kwamba hawezi kumalizika. Anamalizika akivuliwa mtoto.

Ndiyo maana mimi nikifika sokoni naulizia wa dema, ule mtego wa kusukwa, au wa mshipi. Dema linamtoa samaki akiwa hai, kwa hiyo mvuvi akiona kadogo anaweza kukarudisha majini. Kenya wamejaribu hata madema yenye mwanya mwembamba pembeni, wadogo wapenye wenyewe. Ukikuta fungu la visamaki vya kila aina, vingine urefu wa kidole, hilo mara nyingi ni la kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukweni. Pita.

Sasa baruti. Tanzania imekatazwa tangu 1970, lakini katazo halikufanyi ujue kilichomo kwenye beseni. Wengi mnafunua mashavu, mkiona mekundu mnalipa. Hata wa baruti aliyetoka kupigwa ana mashavu mekundu na macho maangavu! Mbonyeze mgongoni: nyama ikiwa teketeke ilhali unaambiwa katoka majini asubuhi, shuku. Kisha omba apasuliwe mmoja kabla hujatoa hela. Angalia uti wa mgongo. Wa baruti utakuta damu imevilia kandokando yake, miiba ya mbavu imevunjika na kuchomoza kwenye nyama, matumbo yamepasuka. Ukishamwona mmoja hutamsahau.

Na tusidanganyane, ndugu zangu. Anayelipua matumbawe anajua sisi tutanunua bila kuuliza. Tunalalamika samaki wamekuwa ghali, kumbe mazalia yao tunayalipia yavunjwe. Muuzaji akiulizwa na wateja kumi kwa siku, kesho atamuuliza mvuvi.

Haya, jikoni. Miiba ya tasi ina sumu, hata akiwa amekufa. Ikate yote kwa mkasi, ya mgongoni na ya tumboni, kabla ya lolote. Ukichomwa, loweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yanapungua. Mtoe matumbo mapema, maana ule mwani aliokula unaacha harufu kwenye nyama. Magamba yake ni madogo mno, usihangaike nayo.

Mchanje, mpake chumvi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi na ndimu, akae kidogo. Mbanike kwa makaa yaliyotulia, yasiwe ya kuwaka moto. Pembeni chemsha tui zito na bizari, pilipili ya kusaga na thomu, ukikoroga muda wote lisikatike. Ukwaju tia mwishoni. Likishakuwa zito la kushika mwiko, mpake samaki upande mmoja, mgeuze, mpake wa pili, rudia mpaka mipasuko yote imejaa na tui linaanza kushika rangi. Usimpake mapema akiwa mbichi, tui litaungua nyama haijaiva. Linalobaki sufuriani mimina juu ya samaki wakati wa kupakua.

Wanaoniuliza kama changu anafaa kwa mapishi haya: anafaa, ila wa mshipi, na mkubwa.