Re: Mwaka mzima odisheni, hakuna anayeniita

Mambo mkuu. Umesema umezunguka odisheni za kuigiza za Dar mwaka mzima na kila mtu anakwambia "tutakupigia". Cha kwanza angalia, una klipu yoyote ya kumwonyesha mtu? Mi sikuwa nayo. Tukajikusanya wanne, simu moja, maiki ya kukodi, tukashuti vipande vya dakika mbili mbili uani kwa bi mkubwa (kuku walituharibia sauti balaa), tukawa tunatupia YouTube kila Ijumaa, na hapo ndo dairekta mmoja akanitafuta, akanipa sini (vipande vya kuigiza) mbili tu ila nililipwa. Ukifika hatua ya kushuti filamu ya kuuza, kachukue kibali Bodi ya Filamu kwanza. Anayekuomba hela ya odisheni mkimbie. Tamthilia ya TV bado sijapata, sikudanganyi.