Jirani amekataa kusaini: naweza kupangisha vyumba nilivyoongeza?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mwaka 2018 niliongeza vyumba viwili na bafu nyuma ya nyumba yangu hapa Jinja, kwa ajili ya mama. Sasa mama amerudi kijijini. Nataka kuweka jiko na mlango wa nje iwe nyumba ya kujitegemea, nipangishe, na huko mbele pengine nimuuzie mpwa wangu. Jirani amenishtaki kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Anasema bila saini yake sigusi hata tofali. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada, ila usimpuuze. Saini ya jirani si kibali, na barua ya mwenyekiti wa LC1 vilevile si kibali. Kibali cha ujenzi hutolewa na kamati ya majengo, chini ya sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013. Kuigeuza nyumba moja kuwa mbili ni suala la kamati ya mipango ya matumizi ya ardhi pia, kwa sababu sheria ya 2010 iliifanya Uganda nzima kuwa eneo la mipango hiyo. Huko jirani atasikilizwa kuhusu mpaka, njia, au maji yanayomwagikia kwake. Kwamba hapendi wapangaji, hilo halina uzito.

Nami nikuulize: vile vyumba vya 2018 vilikuwa na kibali? Kama havikuwa nacho, nenda wewe na michoro kabla mkaguzi hajaletwa na malalamiko ya jirani. Na kama kiwanja ni cha lisi, yaani umekikodi kwa miaka maalumu, soma masharti yake. Lisi nyingine huruhusu nyumba moja tu ya kuishi.

Sasa tuje kwenye maji machafu, maana hapo ndipo ugomvi mwingi wa namna hii huanzia, hata kama mdomoni watu wanataja wapangaji. Shimo lako lilichimbwa kwa familia moja. Ukiongeza jiko na watu wanne, maji yanayoingia yatazidi yale ambayo udongo unaweza kunywa, na msimu wa mvua yatachomoza kwa jirani. Pima kabla ya kuchora: chimba kishimo kidogo, kijaze maji usiku kucha ili udongo ulowe, asubuhi ujaze tena uangalie yanashuka kwa kasi gani. Yakisimama, shimo jipya la kunyonya halitakusaidia. Ulizia bomba la maji taka kama linapita karibu. Mwite jirani aone kipimo hicho. Nimeona watu wakilegea hapohapo.

Ukuta kati ya nyumba hizo mbili ufike hadi kwenye mabati. Mafundi wetu hupenda kuuishia kwenye dari, kisha moto na kelele vinapita juu kwa juu. Mita ya maji na ya Yaka (umeme wa kulipia kabla), kila nyumba iwe na yake.

Kuuza ni habari nyingine kabisa. Sheria ya kondominiamu ya 2001 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, lakini lazima kwanza ardhi yenyewe iwe na hati na mpimaji aandae ramani ya kusajiliwa. Kama ulichonacho ni kibanja tu, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi bila hati, mpwa wako awe mpangaji kwa sasa, na mkataba uwe wa maandishi.